Maoni Yetu: Semina imehesabiwa, mtoto je?

Fungua ripoti yoyote ya robo mwaka ya mradi wa haki za watoto. Kurasa za mwanzo zitakueleza walimu wangapi walipata mafunzo, mabaraza mangapi ya watoto yalifufuliwa, vipeperushi vingapi viligawiwa na vikao vingapi vilifanyika ngazi ya kata. Nyuma ya kila namba kuna karatasi ya mahudhurio yenye jina, saini, namba ya simu na kiasi cha posho. Mhasibu ameridhika, mkaguzi ameridhika, mfadhili ameridhika. Mtoto, ambaye mradi mzima umebeba jina lake, mtafute kurasa zote hutamwona.

Hatuwabezi maofisa wa ufuatiliaji na tathmini. Wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa uaminifu: wanapanda bodaboda hadi vijiji ambavyo gari la mradi halifiki wakati wa masika, wanajaza kishikwambi mahali pasipo mtandao, kisha usiku wanatafuta pa kushika mawimbi ili data iingie kwenye mfumo kabla ya siku ya mwisho. Lawama yetu iko kwingine. Wamepewa kazi ya kuhesabu shughuli badala ya kuhesabu kilichobadilika kwa mtoto. Na hizo namba wakishazikusanya zinapanda wilayani, zinapanda Dar es Salaam, zinavuka bahari, wala hazishuki tena kijijini zilikotoka.

Nchi hii imekwisha kuona gharama ya kuhesabu kisichotosha. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Madarasa yakajengwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), watoto wakamiminika, na kufikia 2007 kiwango halisi cha uandikishaji kilikuwa asilimia 97. Malengo ya Milenia yalitaka watoto waingie shule, na kwa kipimo hicho tulikuwa tunaelekea ushindi. Tulipiga makofi, na tulikuwa na haki ya kupiga, maana kumwingiza mtoto darasani si jambo dogo. Ila kwenye majedwali yale hapakuwa na safu ya kuuliza kama mtoto huyo, akishaketi, anajifunza kusoma.

Walioliuliza swali hilo ni Uwezo, tathmini iliyokuja chini ya shirika la Twaweza kwa kuiga mfano wa ASER ya India. Matokeo yake ya kwanza ya Tanzania yalitoka 2010. Njia yake ilikuwa nyepesi hadi inaudhi wataalamu. Kijana wa kujitolea anabisha hodi nyumbani, si shuleni, anampa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu chache. Anasoma au hasomi. Wengi wa darasa la tatu hawakuweza. Na kwa kuwa jaribio lilifanyikia nyumbani, liliwafikia pia walioacha shule na wale ambao hawakuwahi kuandikishwa.

Jambo tunalotaka likumbukwe zaidi ni kwamba mzazi aliambiwa palepale. Hakungoja kitabu chenye jalada la rangi kizinduliwe hotelini. Mtu anaweza kubishana na sampuli ya utafiti hadi jioni, lakini mama aliyemsikia mwanawe akikwama kwenye mstari wa kwanza hana wa kubishana naye, na asubuhi anajua pa kwenda kuuliza.

Lipo na tatizo la muda, ambalo halisemwi sana kwa sababu kila mtu ana faida ya kulinyamazia. Chukua ndoa za utotoni. Kipimo kinachotumika duniani kote ni asilimia ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza 18. Kwa Tanzania kilikuwa asilimia 31 katika utafiti wa afya wa 2015/16 na asilimia 29 katika ule wa 2022. Kipimo hakina ubaya. Lakini msichana wa miaka 13 anayenusurika leo huko Shinyanga ataanza kuonekana ndani yake baada ya miaka saba, na mradi uliomnusuru una umri wa miaka mitatu. Basi mradi ukiahidi kwenye andiko lake kwamba utaishusha asilimia hiyo mkoani kabla ya kufunga ofisi, umeahidi jambo ambalo hata ukilifanya hautaweza kulionyesha. Aliyeandika anajua. Anayetoa fedha anajua. Wanakubaliana kimyakimya, kisha mwaka wa mwisho ofisa wa tathmini ndiye anayetumwa akatafute namba ya kujaza.

Cha kupima katikati ya safari kipo, tena ni cha bei rahisi. Wasichana waliofaulu darasa la saba, wangapi wameripoti kidato cha kwanza? Machi wangapi bado wako darasani? Mwaka unaofuata je? Daftari la mahudhurio la shule lina majibu hayo na halihitaji mshauri wa kukodiwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi shuleni. Kila halmashauri ingepaswa leo kuwa na hesabu ya waliorudi, na hesabu ya pili iliyo muhimu kuliko ya kwanza, ya waliofika hadi mtihani wa kidato cha nne. Kurudi ni siku moja. Kubaki ni suala la nani anamlea mtoto nyumbani, nani analipa nauli, na mwalimu gani anamnyooshea kidole.

Na kuna namba isiyohitaji utafiti wowote, nayo ni 15, umri ambao Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Kufuatilia agizo la mwaka mmoja hakuhitaji kishikwambi. Kalenda ya ukutani inatosha.

Lakini ni kwenye ukatili ambako hesabu hupotosha vibaya kuliko kwingine kokote, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ikishirikiana na UNICEF, taasisi ya CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni. Matokeo yalitangazwa 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu ya wote waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Ingekuwa rahisi kuikalia ripoti kama hiyo. Serikali haikuikalia, na tunalisema hili kwa sababu sifa za namna hiyo hazitolewi mara nyingi ukurasa huu.

Ndani ya ripoti ileile mlikuwa na namba nyingine ambayo haikupata nafasi kwenye vichwa vya habari. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, karibu nusu tu ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote, na ni kama 1 kati ya 5 aliyetafuta msaada. Wavulana walikuwa wachache zaidi. Tafakari maana yake. Kama kati ya watano ni mmoja tu anayetafuta msaada, daftari la dawati la jinsia na watoto pale kituo cha polisi haliwezi kutuambia ukatili ni mwingi kiasi gani. Linatuambia ni mama wangapi walioamini kwamba wakifika pale hawataambiwa wakayamalize nyumbani.

Ndiyo maana mradi ukifanya kazi sawasawa, kesi huongezeka. Tuseme robo iliyopita kata ilikuwa na kesi mbili. Mwalimu wa malezi akafundishwa kusikiliza, mtoto akasema, ofisa ustawi wa jamii akaongozana na mama hadi polisi, fomu ya polisi ya PF3 ikatolewa, hospitali ikapokea. Robo hii kesi ni tisa. Mkubwa wilayani anaziona tisa, anauliza kwa ukali mbona hali ya kata hiyo imeharibika. Mtendaji wa kata si mjinga. Anaelewa robo ijayo anatakiwa kuleta nini. Funika kombe mwanaharamu apite. Kesi zinarudi mbili, watu wanapongezana, na watoto saba wamerudishwa kwenye ukimya kwa amri ambayo hakuna aliyeitoa wala kuiandika.

Dawa si ngumu. Kwenye jedwali lolote la ukatili, idadi ya walioripoti isisimame peke yake. Pembeni yake iwekwe idadi ya waliopata matibabu ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa hazingoji zaidi ya hapo. Ifuate idadi ya majalada yaliyofika mahakamani, halafu yale yaliyofutwa kwa sababu shahidi hakutokea. Hapo kiongozi ataacha kuuliza kwa nini kesi ni nyingi, ataanza kuuliza kwa nini nyingi hazifiki mwisho. Shahidi huwa hatokei kwa sababu familia imelipwa, au nauli haipo, au kesi imeahirishwa hadi mtoto amechoka kusimulia. Kila sababu ina mtu wa kuishughulikia, ilimradi iwe imeandikwa.

Ukatili wenyewe, tofauti na taarifa za ukatili, hupimwa kwa kurudia utafiti. Kenya ilifanya wake wa kwanza 2010 na wa pili 2019. Ule wa kwanza ulionyesha kuwa kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na 18 ya wanaume walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Ule wa pili ulionyesha takriban asilimia 16 na 6. Mtu anaweza kuhoji ni kiasi gani cha anguko hilo ni mabadiliko ya kweli na kiasi gani ni woga wa kusema. Walau wana namba mbili za kuhojiana juu yake. Sisi tuliandaa MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa 2017/18 hadi 2021/22, tukaahidi kupunguza ukatili dhidi ya wanawake na watoto kwa asilimia 50, na mpango ukafika ukingoni bila utafiti wa pili wa aina ile ya 2009. Nusu ya nini, basi?

Kwa upande mmoja Zanzibar imetutangulia. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutangaza kila mwezi matukio ya ukatili na udhalilishaji wa kijinsia yaliyoripotiwa, wilaya kwa wilaya, mbele ya waandishi wa habari. Mwezi baada ya mwezi waathirika walio wengi ni watoto. Hizo nazo ni takwimu za walioripoti, na tuliyoyasema juu yanazihusu. Lakini mkazi wa Micheweni anaweza kuuliza kuhusu wilaya yake jambo likiwa bado la moto. Mkazi wa Tarime anastahili hivyohivyo.

Namna ya kuuliza nayo ni sehemu ya haki. Utafiti wa 2009 uliwahoji wasichana na wavulana katika maeneo tofauti, ili aliyetendewa na aliyetenda wasije wakahojiwa mtaa mmoja. Kila kaya alihojiwa mmoja tu. Aliyehitaji msaada alielekezwa kwa mtu anayejulikana yuko wapi. Sasa linganisha na dodoso la mradi linalofanyika shuleni: mtoto wa miaka 11 ameitwa nje ya darasa, mwalimu mkuu amesimama mlangoni na fimbo yake kwapani, na swali la nne linataka kujua kama amewahi kupigwa na mwalimu. Jibu lake litaingia kwenye mfumo, litatolewa asilimia, na asilimia hiyo itanukuliwa bungeni. Asiye na mahali pa kumpeleka mtoto baada ya jibu, asimuulize. Hata kama mfadhili anataka takwimu za awali kufikia Ijumaa.

Kisha kuna hilo faili lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Orodha yenye jina la mtoto, shule yake, jina la mama na aina ya ukatili ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp la “wadau”, sheria imevunjwa na mtoto ametangazwa. Kijijini haihitajiki hata jina; “msichana wa darasa la sita, baba yake fundi baiskeli” inatosha kumtambulisha kwa kila mtu sokoni. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imejishughulisha na benki na kampuni za mikopo ya simu, na ni sawa. Tungependa ikague na makabati ya miradi. Na picha zile za watoto wanaotabasamu wameshika madaftari yenye nembo ya mfadhili zipungue. Zinathibitisha kuwapo kwa madaftari.

Wapo pia wasiohesabiwa kabisa. Tafiti zetu kubwa huanzia kwenye kaya, kwa hiyo mtoto asiye na kaya hana mlango wa kuingilia. Anayelala kwenye mabaraza ya maduka Mwanza, anayelelewa kwenye makao, anayevuta nyavu kwenye kambi za wavuvi visiwani Ziwa Victoria na kuhama na mwezi, wote hao huponyoka. Dada wa kazi wa miaka 14 yeye yumo ndani ya kaya, ila maswali kumhusu hujibiwa na mwajiri wake. Atajibu nini?

Turudi kwa ofisa wetu wa ufuatiliaji na tathmini. Katika miradi mingi yuko chini ya meneja wa mradi, na mkataba wa meneja unategemea awamu ya pili, na awamu ya pili inategemea namba za ofisa. Kwa mpangilio huo ni nani atakayeandika kwamba klabu za watoto zilikufa mwezi wa tano? Tathmini ya mwisho nayo hupewa mshauri wiki chache kabla ya ofisi kufungwa, na ripoti hukamilika gari likiwa limekwisha kurudishwa. Mfadhili anayesema anataka kujifunza aanze kwa kulipia ripoti ya mambo yaliyoshindikana, na asimkate fedha aliyeiandika. Tunajua mfadhili naye ana bunge lake na walipa kodi wake wanaotaka kusikia ushindi. Hilo halimpi ruhusa ya kununua namba za uongo huku Dodoma.

Na huyo mfadhili siku hizi si wa uhakika. Tanzania ina tafiti za afya na uzazi tangu 1991/92: vifo vya watoto, udumavu, mimba za utotoni zilizoshuka kutoka asilimia 27 mwaka 2015/16 hadi 22 mwaka 2022, ndoa za utotoni tulizozitaja, yote hayo tunayajua kwa njia hiyo. Msaada wa kitaalamu ulitoka mpango wa kimataifa wa tafiti hizo, DHS, ulioanza 1984 kwa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani. Januari 2025 Marekani ilizuia misaada yake ya nje. Februari mpango wa DHS ukasimamishwa. Julai mwaka huohuo USAID ikafungwa rasmi. Wengine wamejitokeza kuziba sehemu ya pengo kwa muda. Maofisa wengi wa data waliokuwa wakilipwa na miradi walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Ghafla ikawa wazi kwamba kujua watoto wetu wana hali gani lilikuwa fungu la bajeti ya nchi nyingine.

Wapo watakaosema ni heri, sasa tutahesabu wenyewe tunavyotaka. Tunaikataa heri hiyo. Wataalamu tunao, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) iliendesha sensa ya 2022 kwa vishikwambi na kuhesabu watu 61,741,120, na hakuna sababu ya kudhani haiwezi kuendesha utafiti wa watoto. Uwezo wa kuhesabu ukiwa mikononi mwa serikali peke yake, hata hivyo, unahitaji wa kuukagua. Hatujasahau kwamba mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, na ilibidi ilegezwe mwaka uliofuata. Uwezo ya 2010 isingezaliwa chini ya sheria ya namna ile.

Kuna jambo linaloweza kuanza mwezi huu bila fedha ya mtu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mradi wowote wa watoto unaofanya kazi kijijini usome hapohapo namba zake, zilezile ulizopeleka kwa mfadhili: tulisema tumefikia watoto 400, tulisema wasichana 30 wamerudi shule. Wananchi wanawajua hao 30 kwa sura. Wakiwa 12, watasema. Baraza la watoto lipewe nafasi ya kwanza kuuliza, kwani Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika ibara yake ya 12 kwamba mtoto anasikilizwa katika mambo yanayomhusu, na hakuna linalomhusu zaidi ya ripoti iliyoandikwa kwa jina lake. Yaliyo siri, yaani majina na visa vya ukatili, yabaki kabatini. Yaliyobaki si siri ya mtu.

La pili linataka fedha. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Tutapitia vitabu vya bajeti kutafuta fungu la utafiti wa ukatili dhidi ya watoto na la utafiti wa afya unaofuata, tukitarajia kuona kiasi kwa shilingi na mwaka wa kuanza kazi. Maneno “kwa kushirikiana na wadau wa maendeleo” tutayahesabu kuwa sifuri.